Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuthibitisha Kwamba Jeni Yako Kweli Inatengeneza Beta-Amirini

Hifadhidata za jeni zimejaa mifuatano iliyopewa jina la "beta-amirini sinthasi", na mingi kati yake hakuna aliyewahi kuijaribu. Programu iliona inafanana na mfuatano mwingine, ikabandika jina, basi. Ukilichukua jina hilo jinsi lilivyo na kulijengea tasnifu, jiandae kuulizwa swali moja: bidhaa iko wapi? Mwongozo huu unakutoa kwenye mfuatano hadi kwenye bidhaa hiyo. Umeandikwa kwa mwanafunzi wa uzamili au mtafiti anayejua tayari kufanya PCR na kukuza bakteria, ila hajawahi kushughulika na triterpeni, yaani kampaundi za kaboni 30 kama beta-amirini.

Msimamo wangu nautoa mapema: kwa vimeng'enya vya familia hii, inayoitwa oksidoskwaleni siklasi, mfuatano hukuonyesha ukoo tu. Kazi yake inathibitishwa na kemia.

Beta-amirini yenyewe haina makuu. Umuhimu wake ni kwamba ndiyo kiunzi ambacho mimea mingi hukianzia kujenga vitu vikali zaidi. Mizizi ya oti huigeuza kuwa avenasini, kinga dhidi ya kuvu wa udongoni. Mimea ya Glycyrrhiza huigeuza kuwa glisirizini, ile inayoipa mizizi yake utamu. Mti wa Quillaja saponaria wa Chile huijenga hadi kufikia QS-21, saponini (triterpeni iliyoungwa na sukari) inayotiwa kwenye chanjo ya malaria ya RTS,S na chanjo ya mkanda wa jeshi ili kuuamsha mwili uitikie vizuri. Njia zote hizo zinapita kwenye mlango mmoja, na anayeushika mlango huo ni kimeng'enya cha beta-amirini sinthasi.

Kabla ya kugusa bomba la maabara: kimeng'enya kinafanya nini

Malighafi ni 2,3-oksidoskwaleni, mnyororo wa kaboni 30 unaopatikana baada ya skwaleni epoksidasi kuitia skwaleni atomu moja ya oksijeni. Fomyula yake ni C30H50O. Beta-amirini nayo ni C30H50O. Kimeng'enya hakiongezi atomu wala hakipunguzi. Kinaukunja mnyororo na kuufunga uwe na pete tano. Ndiyo maana kimewekwa kwenye kundi la isomerasi, kwa namba EC 5.4.99.39. Likariri hili, maana litakurudia mbele: malighafi, beta-amirini, alfa-amirini, lupeoli na sikloatenoli zote zina uzito wa 426. Mizani peke yake haiwezi kuzitofautisha.

Kazi inaanza pale asidi ya aspatiki iliyomo kwenye kipande cha asidi amino tano, DCTAE, inapoipa epoksidi protoni. Epoksidi inafunguka, chaji chanya inazaliwa, na pete zinajifunga mfululizo. Kila kitu sasa kinategemea mnyororo umekaaje ndani ya mfuko wa kimeng'enya. Ukikunjwa kwa mkao wa kiti, mashua, kiti, hutokea kationi ya protosterili, na mmea hupata sikloatenoli, chanzo cha steroli zake zote. Ukikunjwa kiti, kiti, kiti, hutokea kationi ya dammarenili, na hapo safari ndefu zaidi huanza: bakarenili, kisha lupenili, kisha jemanisili, kisha oleanili. Kila kituo kina njia ya kutokea. Kimeng'enya kinachoiachia chaji kwenye lupenili kinatoa lupeoli. Kinachoishikilia hadi oleanili, kikahamisha hidrojeni kadhaa na hatimaye kuondoa protoni moja kwenye kaboni ya 12, kinatoa beta-amirini. Kundi moja la methili likihama pia, unapata alfa-amirini.

Sasa angalia jinsi mstari unaovitenganisha vimeng'enya hivi ulivyo mwembamba. Mwaka 1998 Kushiro, Shibuya na Ebizuka walichapisha beta-amirini sinthasi kutoka Panax ginseng, waliyoiita PNY. Ina kipande cha MWCYCR. Kwenye lupeoli sinthasi mahali hapo mara nyingi pana MLCYCR. Walipobadilisha triptofani ya 259 ya PNY kuwa lusini, kimeng'enya kikaanza kutoa lupeoli kwa wingi kuliko beta-amirini. Walipofanya kinyume chake kwenye lupeoli sinthasi ya mzeituni, lusini ya 256 kuwa triptofani, kikageukia beta-amirini. Na tairosini ya 261 ya PNY ilipofanywa histidini, pete ya tano haikufungwa tena. Asidi amino moja kati ya takriban 760! Mtu akikwambia jeni yake "inafanana asilimia 85 na beta-amirini sinthasi, kwa hiyo ni yenyewe", mkumbushe habari ya PNY.

Hatua ya 1: Sakata jeni zote za ukoo, usichukue moja tu

Chukua mifuatano michache ambayo kazi yake imethibitishwa maabarani: PNY ya Panax ginseng, AtBAS ya Arabidopsis (At1g78950), lupeoli sinthasi ya mzeituni, na CAS1 ya Arabidopsis, ambayo ni sikloatenoli sinthasi iliyotambuliwa mwaka 1993. Itumie kutafuta kwa BLAST ndani ya jenomu au transkriptomu ya mmea wako, kwa protini na si kwa DNA. Kisha pitisha matokeo kwenye Pfam, hifadhidata ya familia za protini. Protini kamili ya ukoo huu huonyesha vipande viwili, PF13249 upande wa mwanzo na PF13243 upande wa mwisho.

Usitarajie jeni moja. Arabidopsis pekee ina jeni 13 za ukoo huu, na ni mmea mdogo usio na sifa kubwa ya triterpeni. Angalau moja utakayoipata ni sikloatenoli sinthasi, kwa sababu mmea hauishi bila steroli.

Halafu kagua kila mfuatano kwa jicho lako mwenyewe. Jeni hizi huwa na eksoni zaidi ya 10, na programu za kubashiri jeni hupenda kuruka eksoni fupi au kuunganisha jeni mbili zilizopakana. Protini yenye asidi amino 540 au 1,100 ni dalili ya ubashiri mbovu. Unatafuta iliyo kati ya 750 na 770 hivi. Hakikisha DCTAE ipo. Hakikisha vipande vya QW, ambavyo hujirudia mara kadhaa mwilini mwa protini, havijakatika. Jeni isiyo na ile aspatiki ya DCTAE iweke kando, haitaanzisha kazi yoyote.

MWCYCR ikiwapo, andika "inawezekana". Isipokuwapo, usiitupe jeni kwa sababu hiyo, hasa kama mmea wako ni wa jamii ya nyasi. SAD1, beta-amirini sinthasi ya Avena strigosa, ilizuka kivyake upande wa mimea yenye ghala moja la mbegu, mbali na tawi la beta-amirini sinthasi za mimea yenye maghala mawili. Kanuni za upande mmoja hazihamii upande wa pili.

Hatua ya 2: Chora mti wa nasaba

Panga mifuatano kwa MAFFT, chora mti kwa IQ-TREE, weka lanosteroli sinthasi ya binadamu au ya hamira kama mgeni wa nje. Jeni zitakazojikusanya na CAS1 ziondoe kwenye orodha. Zitakazojikusanya na beta-amirini sinthasi zilizothibitishwa zipe kipaumbele. Zilizobaki peke yao kwenye tawi refu ziwekee alama, maana mara nyingi hizo ndizo zinazotoa kitu kipya. Kazi hii ni ya mchana mmoja. Usiigeuze kuwa sura nzima ya tasnifu.

Hatua ya 3: Chagua tishu, kisha upate cDNA

Jeni inaweza kuwepo na isiwe inafanya kazi pale ulipokata sampuli. SAD1 hufanya kazi kwenye ncha za mizizi. Mtu akichukua jani la oti hataiona. Kama una data ya RNA ya tishu mbalimbali, linganisha mahali jeni inapowaka na mahali triterpeni inapokusanyika. Kama huna, chukua mizizi, majani machanga, maua na ganda la tunda, kila kimoja peke yake. Kwenye tamaduni za seli za Medicago truncatula, methili jasmonati huipandisha sana beta-amirini sinthasi, kwa hiyo kuipulizia miche kabla ya kuvuna ni jambo la kujaribiwa ikiwa jeni imelala.

Mimea yenye saponini nyingi mara nyingi ina sukari ndefu na fenoli zinazoharibu RNA. Tumia njia ya CTAB yenye PVP na beta-merkaptoethanoli, kisha safisha kwa kolamu. RNA ikitoka na rangi ya kahawia, anza upya. cDNA yenye urefu unaohitaji haitapatikana hapo.

Kuna njia ya mkato inayokubalika kabisa siku hizi: kuagiza jeni itengenezwe kiwandani. Kama ubashiri wako wa eksoni ni wa uhakika, inakuokolea muda. Kama una shaka nao, cDNA kutoka kwenye mmea wenyewe ndiyo itakayokuonyesha ukweli.

Jambo moja la kisheria lisisahaulike: sampuli ya mmea wa porini, au wa nchi nyingine, inahitaji kibali kabla ya kuchukuliwa. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inagusa pia matumizi ya rasilimali za kijenetiki kwa utafiti. Ulizia kwa mamlaka husika mapema, kwa sababu majarida hudai karatasi hizo.

Hatua ya 4: Ingiza jeni kwenye plazmidi

Sehemu ya kusimba ina urefu wa besi kama 2,300. Tumia polimerasi yenye usahihi wa juu. Taq ya kawaida ina makosa mengi kwa kipande kirefu hivi, na umeshaona asidi amino moja inavyoweza kubadilisha bidhaa. Praima ya mwanzo iguse ATG, ya mwisho iguse kodoni ya kusimamia. Usiongeze lebo ya histidini wala GFP (protini inayong'aa kijani) kwenye jaribio la kwanza. Ukitumia mfumo wa Gateway, weka mikia ya attB, pitia pDONR207, kisha uhamishie kwenye pEAQ-HT-DEST1 kwa ajili ya majani, au kwenye pYES-DEST52 kwa ajili ya hamira.

Soma mfuatano mzima wa klon, kutoka mwanzo hadi mwisho. Usomaji mmoja wa Sanger unaaminika kwa besi 700 hadi 900, kwa hiyo praima za pembeni pekee zitaacha pengo katikati, na MWCYCR na DCTAE hazipo pembeni. Tengeneza praima mbili za ndani. Soma klon tatu. Zikitofautiana, rudi kwenye transkriptomu uone ipi ndiyo ya mmea na ipi ni kosa la PCR.

Hatua ya 5: Wapi utaijaribia, hamira au jani

Hamira ndiyo njia ya zamani na ina faida yake. Hamira haina triterpeni za mimea, kwa hiyo kilele kipya ni kipya kweli. Ina oksidoskwaleni yake, ila lanosteroli sinthasi yake, Erg7, inaigombania. Ndiyo maana watafiti walitumia aina ya GIL77, isiyo na Erg7, ambamo oksidoskwaleni inajaa na kimeng'enya chako hakina mshindani. Bei yake ni kwamba hamira hiyo haiwezi kujitengenezea ergosteroli wala himu. Lazima uilishe ergosteroli, hemini na Tween 80, na inakua kwa kusuasua. Hamira ya kawaida kama INVSc1 inakubali pia, lakini bidhaa inakuwa kidogo. Kwenye pYES-DEST52 jeni inaongozwa na promota ya GAL1: kuza kwenye glukosi asilimia 2, osha seli vizuri, kisha hamishia kwenye galaktosi asilimia 2. Glukosi ikibaki, hata kidogo, GAL1 haifunguki.

Binafsi napendelea majani ya Nicotiana benthamiana. Jani lina utando wa seli ambao kimeng'enya cha mmea kimeuzoea, kodoni hazihitaji kubadilishwa, na jibu linapatikana ndani ya wiki moja. Zaidi ya yote, baadaye unaweza kuchanganya jeni mbili, tatu au tano kwa kuchanganya tu bakteria wa Agrobacterium wanaozibeba hadi ndani ya jani. Kazi iliyochapishwa mwaka 2017 na kundi la mtafiti Anne Osbourn ilionyesha kwamba njia hii inaweza kutoa triterpeni kwa kiwango cha gramu. Siri yao mojawapo ni kuongeza tHMGR, yaani HMG-CoA riduktasi ya oti iliyokatwa kipande chake cha mwanzo kinachoidhibiti. Inafungua bomba la malighafi, na bidhaa inapanda mara kadhaa. Maelezo yanayofuata ni ya majani.

Hatua ya 6: Kuingiza Agrobacterium

Panda N. benthamiana na uzisubiri wiki 5 hivi. Usitumie zilizoanza kuchanua. Majani yake ni magumu na yanatoa kidogo.

Kuza Agrobacterium LBA4404 zenye plazmidi zako usiku kucha, nyuzi 28, kwenye LB yenye rifampisini, streptomaisini na kanamaisini. Zizungushe kwenye sentrifyuji, mwaga maji, na uyeyushe mashapo kwenye bafa ya MES milimola 10 yenye pH 5.6, kloridi ya magnesiamu milimola 10 na asetosiringoni mikromola 150. Acha gizani kwa saa mbili kwenye joto la chumba. Pima OD600 na uchanganye ili kila aina ya bakteria iwe na 0.2 kwenye mchanganyiko wa mwisho.

Michanganyiko yako isipungue minne. Wa kwanza ni GFP na tHMGR, usio na jeni yoyote ya ukoo. Wa pili ni tHMGR na beta-amirini sinthasi iliyothibitishwa, SAD1 kwa mfano. Wa tatu ni tHMGR na jeni yako. Wa nne ni tHMGR na jeni yako iliyovunjwa makusudi kwa kubadilisha aspatiki ya DCTAE kuwa asparajini. Huu wa nne watu wengi huuruka, nami naona ni hasara: ndio unaoonyesha kwamba kilele kinatokana na kazi ya kimeng'enya, na si na jani kushtushwa na bakteria. Ili OD ya jumla isitofautiane, jazia na GFP pale penye upungufu.

Kuingiza kwenyewe ni kazi ya mkono. Chukua bomba la sindano la mililita 1, ondoa sindano. Kwaruza kidogo upande wa chini wa jani kwa ncha ya sindano, bila kulitoboa hadi upande wa pili. Weka mdomo wa bomba hapo, weka kidole upande wa juu kuzuia, na usukume polepole. Utaona doa la kijani kilichokolea likitambaa kati ya mishipa ya jani. Hilo ni maji yanayojaza nafasi za hewa. Doa likikomea kwenye mshipa mkubwa, hamia sehemu ya jani iliyo upande wa pili wa mshipa badala ya kulazimisha. Tumia majani matatu kwa kila mchanganyiko, kila moja kwenye mmea tofauti, na ya kimo kinacholingana. Weka alama kwenye vikonyo, siyo kwenye vyungu.

Vuna baada ya siku 5. Kata sehemu zilizoingizwa tu, gandisha, na ukaushe kwa ugandishaji hadi unyevu uishe. Mabaki yote ya bakteria na mimea yapitie kwenye otoklevu kabla ya kutupwa. Hivi ni viumbe vilivyobadilishwa kijenetiki, na kanuni za usalama wa kibayolojia za taasisi yako ndizo zinazoamua.

Hatua ya 7: Kutoa triterpeni kwenye jani

Saga jani kavu liwe unga. Pima miligramu 10 na uandike uzito halisi. Ongeza mikrolita 500 za ethanoli na maji kwa uwiano wa 9 kwa 1, yenye hidroksidi ya potasiamu kama asilimia 10, na ndani yake koprostanoli mikrogramu 10 kwa kila mililita kama kipimo cha ndani. Pasha nyuzi 65 kwa saa mbili, ukitikisa mara kwa mara. Hatua hii inazivunja esta, ili triterpeni zilizoshikana na asidi za mafuta ziachiliwe, na inaondoa sehemu kubwa ya klorofili isifike kwenye mashine.

Fukuza ethanoli, ongeza maji, kisha toa kwa heksani mara mbili. Tabaka la juu ndilo unalolitaka. Lisiponyooka, likawa kama povu katikati, ongeza tone la maji ya chumvi na uzungushe tena. Kausha heksani kwa nitrojeni ndani ya kabati la kufyonzea mvuke, mbali na moto wowote.

Mabaki makavu yaongezee mikrolita 50 za kitendanishi cha kutia trimethilisilili, yaani TMS (BSTFA yenye TMCS ni ya kawaida) na upashe nyuzi 70 kwa dakika 30. Kitendanishi hiki ni adui wa maji. Chupa yenye unyevu kidogo tu itakupa nusu ya beta-amirini ikiwa na TMS na nusu bila, vilele viwili vya kitu kimoja, na hapo hesabu zote zinavurugika.

Hatua ya 8: Kusoma GC-MS, palipo na jibu

GC-MS hutenganisha kampaundi zikiwa gesi, kisha hupima uzito wa vipande vyake. Kolamu ya asilimia 5 ya fenili, mita 30, inatosha. Mpangilio unaofanya kazi: mdomo wa kuingizia nyuzi 250, heliamu mililita 1 kwa dakika, tanuri lianze nyuzi 170 kwa dakika 2, lipande nyuzi 20 kila dakika hadi 300, likae hapo dakika 11 na nusu. Rekodi m/z 60 hadi 800. Pitisha kwanza kiyeyushi kitupu, kisha stendadi ya beta-amirini iliyonunuliwa, kisha sampuli zako zikiwa zimechanganywa mpangilio.

Beta-amirini yenye TMS ina ioni mama ya 498. Utaiona, lakini haitakuambia jipya, maana ndugu zake wote wa 426 wakivaa TMS wanakuwa 498. Kinachosema ni vipande. Kifungo pacha cha kaboni ya 12 kinaifanya pete ya tatu ikatike kwa mtindo wa Diels-Alder wa kurudi nyuma, na nusu yenye pete za D na E inabaki na m/z 218. Hiyo ndiyo ioni kubwa kuliko zote. TMS iko nusu ya pili, kwenye kaboni ya 3, kwa hiyo 218 inabaki 218 hata usipoitia TMS. Ikipoteza methili, 218 inakuwa 203.

Tatizo ni kwamba alfa-amirini nayo ina 218 kubwa. Angalia basi uwiano wa wadogo. Kwenye beta-amirini, 203 inakaribia nusu ya 218 na inaizidi 189 waziwazi, kama mara mbili. Kwenye alfa-amirini, 203 na 189 zina kimo kinachokaribiana na zote ni fupi. Kwenye kolamu ya aina hii beta hutoka kabla ya alfa. Lupeoli haina kifungo pacha cha kaboni ya 12, hivyo haina 218 inayotawala; 189 ni kubwa, na nguvu imetawanyika kwenye ioni nyingi. Hutoka karibu sana na alfa-amirini, na vilele viwili vinaweza kupandana vikaonekana kimoja. Ukiona kilele chenye bega, pima spektra ya upande wa kushoto na ya upande wa kulia kando kando.

Masharti yangu ya kukubali kwamba ni beta-amirini ni manne, na yote yatimie: muda wa kutoka ulingane na stendadi iliyopitishwa siku hiyo hiyo, spektra ilingane pamoja na uwiano wa 203 na 189, kilele kisiwepo, au kiwe kidogo mno, kwenye GFP na kwenye mutanti ya DCTAE, na ukichanganya sampuli na stendadi, kilele kimoja kikue bila kupata bega. Maktaba ya mashine ikisema "asilimia 94 beta-amirini", hiyo ni dokezo la kukupa mwelekeo tu. Maktaba hizo huchanganya amirini hizi mbili kila siku.

Kadiria wingi kwa kulinganisha eneo la kilele na koprostanoli, ukitumia mchoro wa stendadi uliotengeneza mwenyewe.

Mambo yakikataa

Hakuna kilele kipya, na SAD1 yako imefanya kazi: rudi kwenye mfuatano wa klon, hasa eksoni za katikati. Hakuna kilele kipya, na SAD1 nayo imekataa: tatizo ni bakteria, mimea au TMS, usiguse jeni. Malighafi imejazana lakini bidhaa hakuna: protini haipo au haifanyi kazi. Hapo ndipo lebo na western blot zinapofaa.

Vilele vitatu au vinne vipya kwa pamoja si lazima viwe uchafu. Vimeng'enya vingi vya ukoo huu hutoa mchanganyiko. Pea ina amirini sinthasi mseto inayotoa alfa na beta kwa pamoja, na LUP1 ya Arabidopsis hutoa lupeoli pamoja na lupani-dioli. Ripoti asilimia za kila bidhaa. Kuita jeni ya namna hiyo "beta-amirini sinthasi" kwa sababu beta ndiyo asilimia 55 ni kuongeza takataka kwenye hifadhidata zile zile tulizoanza kuzilalamikia.

Kilele kipya kisicholingana na stendadi yoyote ni habari njema yenye kazi kubwa nyuma yake. Ongeza majani, safisha kwa kolamu ya silika, pata miligramu chache na upeleke kwenye NMR. Kwenye kloroformu yenye deuteriamu, beta-amirini huonyesha protoni ya H-12 karibu na 5.18 na kaboni mbili za kifungo pacha karibu na 121.7 na 145.2, alfa-amirini huziweka karibu na 124.4 na 139.5, lupeoli karibu na 109.3 na 151. Namba zako zikiwa nje ya hizo zote, mtafute mkemia wa NMR na umweke kwenye orodha ya waandishi tangu mwanzo.

Hatua ya 9: Uthibitisho wa pili kwa gharama ndogo

Kabla ya kufunga faili, chukua CYP716A12 ya Medicago truncatula, kimeng'enya kinachoigeuza beta-amirini kuwa asidi ya oleanoliki, na ukiingize pamoja na jeni yako. Kwa sampuli hizi usitegemee utoaji wa heksani baada ya alkali, kwa sababu asidi itabaki kwenye maji. Tia asidi hidrokloriki hadi pH ishuke chini ya 3, kisha toa kwa ethili asetati. Kilele cha beta-amirini kinatakiwa kipungue, na kizaliwe kipya chenye ioni mama 600, kipande cha 320 na 203 inayotawala. Ile 320 ni nusu ya D na E ikiwa imebeba asidi yenye TMS yake.

Jani linakuambia kimeng'enya kinaweza nini. Mmea mwenyewe unakitumia vipi ni swali lingine, na linajibiwa kwa kuzima jeni, kwa VIGS (kuzima kwa kutumia virusi) au kwa CRISPR. Kwa oti kazi ilirahisishwa na maumbile, kwa kuwa avenasini A-1 hung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, na mutanti za sad1 zilitambuliwa kwa ncha za mizizi zisizong'aa. Mmea wako huenda usikupe bahati hiyo. Itabidi upime triterpeni kwa mashine, mche kwa mche.

Unapopeleka mfuatano kwenye hifadhidata, jaza sehemu ya uthibitisho kwa maabara, taja mfumo uliotumia (jani au hamira), na uandike bidhaa zote pamoja na asilimia zake. Spektra ghafi ziweke kwenye hazina ya wazi. Jeni za ukoo ulizozitoa kwenye orodha kwa mti wa nasaba peke yake ziache na jina la jumla la oksidoskwaleni siklasi.